Kabla ya kufomati laptopu, pima prosesa kwanza

Kompyuta ikigoma huku Mishomoroni, mshtakiwa wa kwanza ni virusi. Wa pili ni Windows. Fundi anafomati, unalipa, unarudi nyumbani na mashine tupu. Wiki mbili baadaye inajizima tena, na safari ya kwa fundi inaanza upya. Uliza kama prosesa iliwahi kupimwa, utaangaliwa kama umeuliza bei ya mwezi.

Mimi nasema hivi: prosesa ipimwe kama matatu inavyopelekwa ukaguzi kila mwaka, hata kama injini inalia vizuri. Sikumaliza chuo, karo ilinishinda, na laptopu ndiyo ofisi yangu. Tuko wengi hivyo Kisauni nzima: wanaoandika kazi za mtandaoni, wanaohariri video za harusi, wenye saiba. Mashine ikikosea, ni chakula kinapotea.

Wengi wetu tunadhani prosesa ama inafanya kazi, ama imeungua. Si hivyo. Inaweza kuwaka, ikafungua mtandao, ikapiga muziki, halafu ikakosea hesabu bila kukwambia. Chukua simu yako sasa hivi. Gawa 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu lizidishe kwa 3,145,727, kisha toa hiyo jumla kwa 4,195,835. Lazima upate 0. Mwaka 1994, prosesa za Pentium zenye kasoro zilikuwa zinatoa 256. Aliyezinasa ni Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati wa chuo kimoja Virginia, Marekani, na Intel ikatenga dola milioni 475 kulipia hasara hiyo.

Utasema hizo ni hadithi za kale. Haya, mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha kiini kimoja cha prosesa kilichoambiwa kipige hesabu ya 1.1 kwa kipeo cha 53. Jibu, ukiacha desimali, ni 156. Chenyewe kikatoa 0. Hesabu hiyo ilikuwa ya ukubwa wa faili, kwa hivyo mafaili yenye vitu ndani yakachukuliwa kuwa matupu, yakapotea. Mwaka huo huo Google nao wakasema hukuta viini vichache vya aina hiyo katika kila mashine elfu kadhaa. Ni nadra, kweli. Lakini wao wana mashine za akiba, na bado wanapima kila mara. Wewe unayo moja, na hujawahi kuipima hata siku moja.

Wapenda gemu nao wana lao. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinajiharibu kwa kupokea volti nyingi kupita kiasi. Dawa ilitoka Agosti mwaka huo, na waranti ikaongezwa miaka 2. Lakini dawa hiyo inazuia tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi, na utaijuaje bila kuipima?

Sasa ongeza hali yetu ya Pwani. Laptopu nyingi tunazonunua ni mitumba ya Uingereza, zimeshatumika ofisi za watu. Joto la kaskazi linajulikana. Vumbi linaziba feni, hewa ya chumvi inakula chuma, stima inapotea na kurudi kwa kishindo. Halafu mtu anaiweka laptopu juu ya godoro!

Kupima hakuna maajabu. Safisha feni kwanza, weka mashine mezani, hifadhi kazi zako pembeni. Intel wana programu yao ya bure, Processor Diagnostic Tool, ambayo mwishoni inakwambia imefaulu au imefeli. Ya AMD au yoyote ile, tumia Prime95: inaipa prosesa hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana, ikikosea inakwambia. Fungua HWiNFO pembeni uangalie joto. Likipanda haraka na kukwama karibu na nyuzi 100, simamisha. Shida huenda ni feni, au ile peisti ya kupitisha joto imekauka. RAM ipime na MemTest86 kutoka kwenye flashi. Gharama? Chaja ya wati 65 ikivuta saa nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya tokeni.

Najua mafundi watanijibu: mara nyingi shida si prosesa. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kupima. Kipimo kinamtoa mshtakiwa kortini mapema, mnabaki na feni, RAM au diski, na mteja halipii kufomati mara tatu kwa ugonjwa ambao haukuwa kwenye Windows. Fundi anayepima ataonekana mghali siku ya kwanza, lakini ndiye wateja watakayemrudia.

Wenye saiba, wekeni ratiba. Mara moja kabla ya kaskazi kuanza, mara moja mapema Juni, kabla watu hawajajaa kujaza ritani za KRA zinazofungwa tarehe 30. Mashine ikizima mteja akiwa katikati ya fomu, yeye haelewi habari za volti. Anajua tu saiba yako imemwangusha.

Na wewe unayekwenda kununua laptopu ya mtumba, omba nusu saa ya kuipima hapo hapo dukani, chaja ikiwa imechomekwa. Muuzaji akisema hana nusu saa, beba pesa zako uvuke barabara. Maduka yako mengi.