Jumamosi ya Gari Irudi Nyumbani

 Mwezi huu naomba kina kaka wasinune, na kina dada wasianze kushangilia kabla sijamaliza, maana kila mmoja atapata fungu lake. Tunaongelea gari. Siyo gari la kununua, hilo lina siku yake. Naongelea hili lililopo pale nje, linaloondoka kila Jumamosi saa tatu asubuhi "kwenda kuoshwa" na kurudi saa mbili usiku likiwa limeshapata vumbi jipya, na dereva wake ananukia nyama choma.

Mnajua ninachokisema. Hapa Dar es Salaam, mahali pengi pa kuoshea magari si pa kuoshea magari tu. Pembeni kuna jiko la mkaa, kuna kaunta, kuna televisheni kubwa inayoonyesha mpira wa Uingereza, na kuna viti vya plastiki vilivyopangwa vizuri ili mtu asione sababu ya kuondoka. Gari dogo linaoshwa chini ya saa moja. Saa zilizobaki zimekwenda wapi? Piga hesabu mwenyewe: tuseme kuosha ni Sh 10,000, mara nne kwa mwezi ni 40,000. Hiyo bado ndogo. Ongeza nusu kilo ya mbuzi, ongeza chupa tatu nne, ongeza na "raundi" moja ya washkaji, halafu niambie mwisho wa mwezi imefika ngapi. Na hela siyo hata kinachouma zaidi. Wengi wenu mnafanya kazi siku tano, foleni inawala asubuhi na jioni, na Jumapili ina ibada na wageni. Jumamosi ndiyo siku pekee ya kuonana, na mmoja wenu hayupo.

Kumkataza mtu hakusaidii. Mkataze mume kwenda kuosha gari, wiki ijayo atakwambia anakwenda kubadilisha oili. Bora kazi yenyewe irudi nyumbani, ifanyike vizuri kuliko kule, iishe kabla ya chakula cha mchana.

Tena kusema ukweli, kule mara nyingi inafanyika vibaya. Chukua gari jeusi lililooshwa mtaani mwaka mzima, lisimamishe juani, utaona michirizi ya duara kama utando wa buibui. Huo siyo uchafu, ni mikwaruzo. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka angavu, mafundi rangi huliita klia, na ni jembamba kuliko unywele wako. Sasa fikiria lile sponji: limeanza na matairi ya Fuso, limeanguka mchangani, limechovywa kwenye ndoo ileile, na zamu ya boneti lako imefika. Kila punje ya mchanga ni msasa. Ile sabuni ya kuoshea vyombo nayo inaondoa mafuta kwenye sufuria, na kwenye gari inaondoa nta yote iliyokuwa inalinda rangi.

Haya, tuanze na mahali. Usiwaze gereji za kwenye sinema za Marekani, zile za milango inayopanda yenyewe. Unachohitaji ni nafasi ya kusimamisha gari na kulizunguka ukiwa na ndoo mkononi. Toyota IST ya kwanza, ile ambayo Dar nzima inayo, ina urefu wa mita 3.86 na upana wa mita 1.70. Ukiacha karibu mita moja kila upande ili milango ifunguke na wewe uiname, unapata mita 3.7 kwa 5.9 hivi. Wenye Harrier na Noah waongeze.

Na kabla ya kumwita fundi, nunua chaki. Ingiza gari, fungua milango yote, chora mstari kuzunguka. Halafu mwite mwenzako mtazame pamoja kilichomo ndani ya mstari. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba kamba ya kuanikia nguo inapita katikati, kwamba baiskeli ya mtoto inalala pale, na kwamba jiko la mkaa la mama mkwe akija halina pengine pa kukaa. Bishaneni kwenye chaki, inafutika. Zege halifutiki. Nimeona mume mzima anajenga banda la gari siku mbili, na siku ya tatu mkewe anauliza kwa upole, "Sasa mume wangu, nguo za mtoto nianike wapi?" Jibu halikuwepo.

Kivuli ni lazima. Ukiosha gari juani saa sita, bodi lina moto, sabuni inakauka kabla hujaisuuza na inaacha madoa. Lakini kivuli cha mwembe si kivuli, ni mtego. Utomvu unadondoka, na kunguru wetu hawa wa Dar wanakaa matawini wakisubiri umalize kupiga nta. Kinyesi chao kikikaa juani siku nzima kinakula klia na kuacha alama. Kikidondoka, usikikwangue. Loweka kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kisha kiinue taratibu. Bati lenye mteremko ndilo bora. Hela haijatosha, neti nene ya kivuli kwenye nguzo nne inafanya kazi.

Sakafu ndiyo watu wanakosea kwa mbwembwe. Marumaru zinazong'aa kwenye maegesho zinapendeza kwenye picha, lakini zikishika maji na sabuni ni barafu. Mama mjamzito akipita hapo na beseni la nguo, tutaongea mengine. Weka pevingi, au zege lililokwanguliwa kwa ufagio likiwa bichi ili liwe na mikwaruzo ya kushika mguu. Mteremko wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita unatosha kupeleka maji upande mmoja. Na huo upande mmoja usiwe geti la jirani! Chimba shimo dogo la kokoto, maji yanywee hapo, mbali na kisima.

Sasa maji, hapa tukae kidogo. Waliokuwa Dar Oktoba 2022 wanaukumbuka mgawo, Mto Ruvu ulipopungua na watu wakashinda na madumu. Nyumba ikiwa na simtanki moja, na mwenzio anaangalia mpira wa maji unamwagika uani wakati jikoni anahesabu ndoo, huo ni ugomvi unaupanda kwa mikono yako. Jaribu hivi: weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira, angalia saa. Ikijaa kwa dakika moja na nusu, basi nusu saa ya mpira wazi ni lita 400. Njia ya ndoo inataka lita 60 hadi 80 tu, na inalinda rangi zaidi.

Ndoo ni tatu. Moja ni ya rimu na matairi, iandike kabisa "TAIRI", na brashi yake isiguse kitu kingine. Anza na hiyo, maana uchafu wa breki ndio mbaya kuliko wote. Kisha mwagia gari maji vumbi litoke. Ndoo ya pili ina shampuu ya gari, ya tatu ina maji matupu. Chovya glavu ya kuoshea kwenye shampuu, osha paa, halafu kabla ya kurudi kwenye shampuu isuuze kwanza kwenye maji matupu ili mchanga ubaki humo. Unashuka hivyo: paa, vioo, boneti, milango, na sehemu za chini mwisho. Ukimaliza, tazama chini ya ile ndoo ya tatu. Mchanga wote ule ungekuwa umepigwa msasa kwenye mlango wako.

Wenye visima, ninyi mna mtihani wenu. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na yakikauka kwenye kioo yanaacha duara nyeupe ambazo baadaye hazitoki kwa kufuta tu. Oshea hayo ukitaka, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji baridi yasiyo na chumvi, na ukaushe papo hapo. Ndipo lile bati linapolipa: kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 20, mvua ya milimita 20, una lita 400 za maji laini kwenye tanki. Masika moja tu utakuwa umeelewa.

Kukaushia, tumia vitambaa vya maikrofaiba, viwili vikubwa. Siyo fulana kuukuu, nyuzi za mshono zinakwaruza. Siyo kanga ya mama watoto, na wala siyo zile taulo za zawadi ya harusi, hata kama zimekaa kabatini miaka minne. Vitambaa hivyo vifuliwe peke yao, bila dawa ya kulainisha nguo, na kikianguka chini kinakwenda kufuliwa.

Mashine? Zisikutie presha. Mashine ndogo ya kuoshea ya wati 1,500 ikifanya kazi nusu saa inakula robo tatu ya yuniti ya Luku, siyo kitu cha kulia. Ila soketi iwe juu ukutani, yenye kifuniko cha kuzuia maji, na kwenye saketi yenye kikata umeme cha usalama. Ekstensheni iliyolala kwenye dimbwi la sabuni sitaki hata kuisikia. Mashine ya kupigia polishi, kama lazima, nunua ile inayozunguka na kuyumba kwa pamoja. Ile ya mzunguko mmoja waachie mafundi, inaweza kuchoma rangi. Kabla ya yote nunua taa. Taa za ukutani pande mbili, usawa wa milango, zitakuonyesha mikwaruzo ambayo taa ya darini inaificha.

Nta, kwa tunaokaa karibu na bahari, kila miezi miwili au mitatu. Chumvi ya upepo wa Kigamboni na Mbezi Beach haina urafiki na bati la mtu. Dawa ya kung'arisha tairi ipake ubavuni tu. Ikifika kwenye meno ya tairi gari litateleza.

Sasa mawili ya kutotaniana nayo. Gereji ikiwa na kuta nne na mlango, gari lisiungurumishwe humo likiwa limefungwa, hata kwa dakika za "kuchaji betri". Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini chumba cha pili. La pili ni chupa. Dawa za rimu nyingine ni asidi, na tabia yetu ya kununua kwa kupimiwa imetuzoesha kuweka kila kitu kwenye chupa ya soda au ya maji ya Kilimanjaro. Mtoto wa miaka miwili hasomi, anaona soda. Dawa ikae kwenye chupa yake ya dukani, juu, kwenye kabati lenye kufuli. Hili kina baba nawabana ninyi, kwa sababu shelfu ni lenu.

Na shelfu lisizae. Nawajua wanaume walioacha baa wakahamia kwenye shampuu: chupa ya kioo, chupa ya dashibodi, chupa ya harufu ya ngozi, mpaka mke anaanza kuitamani ile raundi ya washkaji. Mkubaliane kwamba chupa mpya inaingia ya zamani ikiisha.

Ninyi mnaopanga nyumba yenye wapangaji watatu na koki moja, msikate tamaa. Zungumzeni na mwenye nyumba kwanza, na wapangaji wenzenu kuhusu bili, oshea kwa ndoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijapanda na kabla watoto hawajaamka kucheza. Vifaa vyote vinaingia kwenye ndoo moja yenye mfuniko, vinakaa kwenye buti.

Nani aoshe? Hapa dada zangu nawageukia. Kama gari mnalipanda wote, kusimama mlangoni na chai ukisema "pale hukutoa vizuri" siyo kushiriki. Shika kitambaa cha vioo. Na wewe kaka, ukikabidhiwa msaidizi usimfanye mbeba ndoo; mpe upande wa kushoto wote, uwe wake, na usipite nyuma yake kurudia. Hasa kama gari lenyewe ni la kwake, maana siku hizi ni mengi. Mazungumzo mengine yanakuja yenyewe watu wakiwa hawatazamani usoni, mmoja yuko kwenye boneti na mwingine kwenye mlango wa nyuma: ada ya shule, mdogo wake anayetaka kuja kukaa, lile jambo la juzi usiku. Saa nne na nusu mmemaliza. Nyama choma? Nusu kilo ileile ya mbuzi, jiko la mama mkwe si lipo pale nje ya mstari wa chaki.

Na yule mshkaji atakayepiga simu saa tano kuuliza uko wapi, mwambie aje na gari lake. Ila ndoo aje na zake.

Mwezi ujao tunaingia ndani ya gari lenyewe: uji wa mtoto kwenye siti, harufu ya samaki wa Feri kwenye buti, na zile risiti zinazokutwa chini ya kapeti. Kina kaka, hizo zisafisheni mapema.