PIN Ni Siri Yako, Lakini Dari Ni Kazi Yetu

Kila mara tunakutumia ujumbe ule ule: usimpe mtu PIN yako, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu. Ni ushauri mzuri na hatutauacha. Lakini ukiusoma mara nyingi unaweza kudhani kwamba usalama wa pesa zako ni mzigo wako peke yako. Wewe ndiye wa kukaa macho, na mambo yakiharibika wewe ndiye wa kulaumiwa. Hiyo si haki. Kuna kazi ambayo huwezi kuifanya hata uwe makini namna gani, kwa sababu inafanyika ndani ya seva zetu. Leo tuizungumzie hiyo, na tuseme msimamo wetu wazi: kampuni inayoshika pesa za watu haifai kuweka programu isiyoiamini chini ya dari moja na pesa hizo.

Ploti yenye dari moja

Wengi wetu tumeishi kwenye ploti. Vyumba kumi kwa mstari, kila mlango na kufuli lake. Ukitazama kwa nje, kila mpangaji yuko kivyake. Kumbe kuta zimeishia kwenye dari, na juu ya dari kuko wazi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mwizi akishaingia chumba kimoja hana haja ya kuvunja kufuli lako. Anapanda juu, anatambaa, anashukia kwako.

Seva nyingi za siku hizi zimejengwa hivyo. Huduma ya kutuma pesa si programu moja kubwa, ni programu nyingi ndogo. Moja inasoma salio, nyingine inatuma SMS, nyingine inapokea malipo ya duka. Kila moja imefungwa ndani ya kontena, na makontena yamesambazwa kwenye seva nyingi zinazofanya kazi kama kitu kimoja, yaani klasta. Anayepanga kontena gani likae wapi ni mfumo uitwao Kubernetes, uliotolewa na Google mwaka wa 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani wa chombo.

Kontena ni chumba chenye kufuli. Lakini makontena yote yaliyo kwenye seva moja hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, kile mafundi wanachokiita kerneli. Hiyo kerneli ndiyo dari. Na programu inayowasha makontena, yaani rantaimu, ndiyo inayoamua kama dari hiyo iko wazi au imezibwa.

Haya si mambo ya kubuni. Februari 2019 ilitangazwa hitilafu kwenye runc, rantaimu inayotumika sana duniani. Mtu aliyedhibiti kontena moja angeweza kuibadilisha runc yenyewe na kuitawala seva nzima. Januari 2024 ikatangazwa nyingine kwenye runc hiyo hiyo, nayo ikiruhusu kutoka nje ya kontena. Zote mbili zilirekebishwa. Lakini miaka mitano kati yao inatuonyesha kwamba kurekebisha na kungoja nyingine si mpango.

Mgeni ni nani?

Utasema, kama programu zote ni zenu, mwizi ataingilia wapi? Swali zuri. Fikiria siku uliyojisajili ukatutumia picha ya kitambulisho. Kuna programu iliyoifungua picha ile na kuisoma. Programu za kufungua picha na hati zina historia ndefu ya hitilafu, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma faili iliyotengenezwa kuzivunja. Kisha kuna programu za washirika, kama mfumo wa chama au wa karo ya shule unaounganishwa na wetu. Hatukuziandika sisi, na hatujui kila mstari uliomo ndani. Hao ndio wageni.

Mgeni tunamkaribisha, lakini hapewi chumba kinachoshiriki dari na sanduku la pesa.

Njia mbili za kuziba

Kuna rantaimu salama mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni gVisor, ambayo Google iliifungulia umma mwaka wa 2018. Ni kama kuweka mlinzi ndani ya chumba: programu ikitaka kitu kutoka kwa kerneli, ombi linapitia kwa mlinzi kwanza, naye hujibu mengi mwenyewe bila kulifikisha juu. Ya pili ni Kata Containers. Hii humpa kila mgeni nyumba yake ndogo yenye dari yake, yaani mashine pepe nyepesi yenye kerneli yake.

Kuziweka si kazi ya miujiza. Kwanza mafundi wanachagua seva chache ndani ya klasta na kuisakinisha rantaimu hiyo humo. Pili wanaiandikisha kwa Kubernetes kwa kutumia kitu kinachoitwa RuntimeClass, na kueleza ni seva zipi ziko tayari kuipokea. Tatu, kwenye maelezo ya kila podi, yaani kifurushi cha kontena moja au zaidi, wanataja jina la rantaimu hiyo.

Hapo hatua ya tatu ndipo penye mtego, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Fundi akikosea jina, podi inafeli na kila mtu anajua. Lakini akisahau kulitaja kabisa, hakuna kelele. Podi inawaka, huduma inaendelea, wateja wanahudumiwa, na mgeni amelala chini ya dari ya zamani. Kwenye ripoti imeandikwa tuna rantaimu salama. Ukweli ni kwamba tunayo, ila haitumiki.

Kwa hivyo tunaamini usalama wa namna hii haupaswi kutegemea kumbukumbu ya fundi saa nane za usiku. Lazima kuwe na kanuni kwenye mlango wa klasta: podi ya mgeni ikija bila kutaja rantaimu salama, irudishwe. Na lazima mtu aingie ndani ya podi ahakikishe kwa macho yake. Kwenye Kata, toleo la kerneli linaloonekana ndani linaweza kulinganishwa na lile la seva yenyewe. Kwenye gVisor, ujumbe wa kuwaka unajitambulisha. Kusema tumeweka haitoshi, tuonyeshe.

Gharama ipo

Hatutakudanganya kwamba ni bure. gVisor hupunguza kasi ya programu inayosoma na kuandika faili kila wakati, na kuna programu chache zinazokataa kabisa kufanya kazi ndani yake. Kata hula kumbukumbu zaidi kwa sababu kila nyumba ina kerneli yake, na inahitaji seva zinazoruhusu mashine pepe. Ndio maana hatusemi kila kitu kiwekwe humo. Tunasema wageni wawekwe humo, kwanza wale wanaogusa faili za watu wasiojulikana.

Wapo wanaotuuliza, "Kwani kumetokea nini? Si tumekaa miaka yote salama?" Hata ile ploti ilikaa miaka mingi kabla mwizi wa kwanza hajatazama juu. Picha ya kitambulisho ikichelewa kidogo kusomwa, mteja atasubiri. Mama mboga akipoteza akiba ya msimu mzima, hakuna ujumbe wa pole utakaomrudishia kesho asubuhi sokoni.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akigundua uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wenye data hiyo. Lakini saa 72 zinaanza wizi ukishafanyika. Sisi tunataka kazi ifanyike kabla.

Wewe uulize nini

Rantaimu salama haimzuii tapeli anayekupigia simu akijifanya ni sisi, wala haimkomboi aliyeandika PIN nyuma ya kadi. Hapo bado tunakuhitaji. Lakini na wewe una haki ya kutuuliza, sisi na kampuni nyingine yoyote inayoshika pesa zako, maswali matatu. Programu za wageni zinakaa wapi? Fundi akisahau, nani anamzuia? Mara ya mwisho mlihakikisha lini?

Ukiuliza ukajibiwa "usijali, tuko salama", uliza tena. Sisi tunakuomba usimpe mtu PIN yako, na hatukubali jibu la "nitajaribu". Usikubali jibu la namna hiyo kutoka kwetu.