Bendera nyingi, wapagazi hakuna

Mwandishi wa makala hii amefafanua vizuri upakaji rangi wa vijisanamu vya askari wa KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Uingereza), lakini jeshi lake la mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lina bendera kila kikosi na halina mpagazi hata mmoja. Hilo linapotosha historia. Waingereza walikwishaacha kubeba bendera za vikosi vitani tangu miaka ya 1880, na porini dhidi ya bunduki za rashasha za jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck bendera ingekuwa shabaha tu. Kilichoonekana kwenye safari za vita ni mistari mirefu ya watu wenye mizigo kichwani. Jimbo la Nyanza, ambalo eneo letu la Bukhayo lilikuwa sehemu yake baada ya mpaka wa Uganda kusogezwa mwaka 1902, ilitoa wengi wao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Mitaa ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Najua wachezaji wa michezo ya vita ya mezani watasema bendera huwasaidia kutambua vikosi mezani, na kwamba mpagazi hapigani. Kwa kutambua, rangi kidogo kwenye ukingo wa kitako cha kijisanamu inatosha. Na mpagazi ndiye aliyeamua jeshi lifike wapi: chakula kikiisha, askari hawasogei, na kanuni za mchezo zinaweza kuonyesha hivyo. Hata mnara wa askari jijini Nairobi umemsimamisha mpagazi kando ya wenye bunduki. Tafadhali, mnaopaka rangi majeshi haya, wapakeni na wao.