KITATANGE NDANI YA KIOO: NANI MJUZI WA MWAMBA WETU?

Kitatange hana heshima kubwa katika soko la samaki la Malindi. Mwili wake ni mwembamba kama sahani, miiba yake ni mingi, na mama mwenye watoto sita wa kulisha humpita, akaenda kuuliza bei ya changu au tafi. Lakini samaki huyo huyo akitolewa baharini hai, na mapezi yake hayakuchanika, hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji na hewa ya oksijeni, akapakiwa ndegeni, na baada ya siku chache akawa anaogelea ndani ya tangi la vioo sebuleni mwa tajiri wa Ulaya au Marekani. Huko ana bei, ana dawa zake, na ana wataalamu wanaoandika vitabu juu ya maisha yake.

Jambo hili linatuletea swali ambalo watu wa Kilifi na Malindi yafaa walijibu wenyewe, kabla halijajibiwa na wengine kwa niaba yao. Nani hasa ndiye mjuzi wa mwamba wa bahari? Ni yule anayemtazama samaki katika kioo? Ni yule anayezamia na kumhesabu? Au ni yule aliyezaliwa ufuoni na kumvua tangu utotoni? Swali hili ni la riziki, maana siku hizi anayeitwa mjuzi ndiye anayetakwa shauri, na shauri lake ndilo linalogeuzwa kuwa sheria.

WAJUZI WA KIOO

Tusiidharau elimu ya wafugaji wa samaki wa baharini. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853, na tangu hapo watu wa mataifa mengi wamehangaika kuufanya mwamba uishi ndani ya nyumba. Kazi hiyo ni ngumu. Maji ya tangi huchafuka upesi kwa kinyesi cha samaki wenyewe, na joto likizidi kidogo tu matumbawe hufa.

Mnamo 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Indonesia, alieleza katika gazeti la wafugaji jinsi alivyofaulu. Alitia ndani ya tangi mawe ya mwamba yaliyotoka baharini pamoja na viumbe wadogo waishio humo, akapuliza hewa kidogo, na maji yakajisafisha. Baadaye matumizi ya mawe hai yalienea kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Jambo hilo halitamshangaza mvuvi yeyote wa Mida au Takaungu, kwani yeye ajua kwamba jiwe la mwamba ni mji wenye wakazi.

Wafugaji hao pia wamefaulu kuzalisha samaki kadhaa ndani ya matangi. Mmoja wao ni yule mdogo mwenye mistari myeupe, anayejificha kati ya mikono yenye kuwasha ya kiumbe afananaye na ua. Katika kila kundi la samaki hao mkubwa ndiye jike, na wa pili ndiye dume lake. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na mdogo wake hushika nafasi ya dume. Kwa kuwa samaki huyu sasa huzaliwa katika matangi, si lazima kila anayeuzwa awe ametolewa mwambani. Hata hivyo, aina nyingi za samaki wa maji ya chumvi wanaofugwa kwa urembo bado huvuliwa baharini.

Lakini elimu ya kioo ina upungufu wake. Inamjua samaki, ila haiijui vyema kazi anayoifanya kwao. Yuko samaki mwembamba, mwenye rangi ya buluu na mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenziwe. Chewa mkubwa humwendea, akapanua kinywa, naye mdogo huyu huingia akala wadudu na ngozi iliyokufa, kisha akatoka salama. Watafiti wa Australia waliwaondoa samaki hao katika vipande vya mwamba kwa zaidi ya miaka 8, na mwaka 2011 wakatangaza matokeo: pale walipoondolewa, samaki wengine walipungua kwa idadi na kwa aina. Samaki huyo ni miongoni mwa wanaovuliwa hapa kwetu kwa biashara ya matangi. Akiwa kiooni mara nyingi hudhoofika kwa njaa, kwa sababu hana wateja wa kutosha wa kusafisha. Na mwambani alikotolewa, wateja wake wamebaki na wadudu wao.

WAJUZI WA DAFTARI

Pwani yetu imebahatika kupata watafiti wa kutosha. Tangu miaka ya 1980 Tim McClanahan, Mmarekani, amekuwa akiichunguza miamba ya Kenya, na Dk. Nyawira Muthiga, Mkenya, amefanya kazi kubwa juu ya wale wanyama weusi wa miiba mirefu wanaowachoma wavuvi nyayo.

Moja ya mafunzo yao lamhusu kikande. Samaki huyu ana meno ya kuvunjavunja, na katika miamba yetu ndiye adui mkubwa wa wanyama wale wa miiba. Kikande akivuliwa mpaka akaadimika, wanyama wa miiba huzaana bila kizuizi, wakautafuna mwamba hadi ukachakaa, na samaki wa chakula wakakosa malisho na maficho. Ukiacha kumvua, hurejea, lakini polepole, kwa miaka mingi kuliko samaki wengine. Basi mvuvi anayeona miiba imezidi na changu wamepungua, yafaa ajue kwamba huenda mambo hayo mawili yana sababu moja.

Somo jingine lilikuja kwa msiba. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida na matumbawe yakageuka meupe. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake huishi mimea midogo mno inayompa chakula na rangi. Joto likizidi, mimea hiyo hutoka, na isiporejea upesi mnyama hufa kwa njaa. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya, nusu ya matumbawe na zaidi yaliangamia. Hata ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, matumbawe hayakunusurika, kwani mpaka wa hifadhi humzuia mvuvi, bali joto haulizuii. Mwaka uliofuata, 1999, lilianzishwa shirika la CORDIO la kuichunguza hali hiyo katika Bahari ya Hindi, na Dk. David Obura, Mkenya, ndiye aliyeliongoza tawi la Afrika Mashariki. Joto hilo lilirudi mwaka 2016, likarudi tena 2024.

Pamoja na hayo, hifadhi zimefaa. Samaki wa ndani ya mipaka yake ni wengi kuliko wa nje, na mtu yeyote aliyezamia pande zote mbili atakubali. Kasoro yake ni namna zilivyoanza. Mvuvi aliambiwa pale asivue tena, na hakuulizwa yeye angelipendelea litengwe eneo lipi na liachwe lipi. Akaona mashua za watalii zikielea juu ya mwamba wa babu zake, na mkataba wenyewe hakuuona.

WASIOULIZWA

Kisa kimoja cha bahari hii chaonyesha hasara ya kutouliza. Mwaka 1938 alivuliwa Afrika Kusini samaki wa ajabu, wa ukoo uliodhaniwa umetoweka duniani kwa mamilioni ya miaka. Mtaalamu J.L.B. Smith alitafuta wa pili kwa miaka 14. Alieneza katika pwani ya Afrika Mashariki karatasi yenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo.

Desemba 1952 samaki wa pili alipatikana Nzwani, katika visiwa vya Komoro, na aliyemnusuru asikatwe vipande ni mwalimu wa hapo aliyeitambua picha ile. Ndipo ilipojulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote, na jina lake kwao ni gombessa. Kile ambacho ulimwengu ulikiita uvumbuzi, kwao kilikuwa samaki mwenye jina. Na Aprili 2001 gombessa alinaswa hapa hapa, mbele ya Malindi.

TENGEFU YA KURUWITU

Kusini ya mji wa Kilifi, karibu na Vipingo, kipo kijiji cha Kuruwitu. Mwaka 2003 watu wa hapo walikutana kwa sababu bahari yao ilikuwa inadhoofika. Walitaja mambo matatu: uvuvi uliopita kiasi, mabadiliko ya hali ya hewa, na watu waliokuja kuchukua samaki na matumbawe ya kuuzwa kwa matangi bila mpango wala kipimo. Mwaka 2005 wakatenga eneo la hekta 30, lisivuliwe kitu. Wakaliita tengefu, yaani lililotengwa. Halikuwahi kutokea Kenya kwamba wavuvi wenyewe wanafunga bahari yao.

Hilo halikuwa jepesi. Kumwomba mtu anayekula kwa jasho la siku aache sehemu aliyoirithi ni kumwomba alale njaa leo kwa ahadi ya kesho. Lakini samaki walirejea, na waliposongamana ndani walitoka nje, mahali ambapo dema na mshipi vinaruhusiwa. Siku hizi wenyeji hupandikiza matumbawe kwa mikono yao, na mwaka 2017 kikundi chao kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Watafiti walisaidia kwa vipimo na mafunzo. Uamuzi, hata hivyo, ulitoka kijijini, na ndiyo maana walinzi wake ni wanakijiji.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Vijana wanaozamia kutafuta samaki wa urembo nao wana watoto. Anayemvua kitatange mmoja kwa wavu mdogo huumiza mwamba kidogo kuliko anayekokota juya juu ya matumbawe. Ubaya wa biashara hii, kwa maoni yetu, ni kwamba kijiji hakijui kimetoa nini, wangapi, wala wameuzwa kwa kiasi gani mwisho wa safari. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

KILICHO MBELE

Jambo hili lina haraka. Desemba 2022, mjini Montreal, mataifa ya dunia, Kenya ikiwamo, yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya bahari iwe chini ya hifadhi. Maana yake ni kwamba ramani zitachorwa, na baadhi ya mistari huenda ikapita juu ya miamba ya Ngomeni, Mayungu, Uyombo na Takaungu. Septemba 2023 Dk. Obura alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, linaloitwa IPBES. Ni fahari kwetu kwamba mtu aliyefanya kazi yake Mombasa anasikilizwa na dunia. Lakini mtu mmoja kwenye kiti cha juu hatoshi, ikiwa waliokaa ufuoni hawana kauli.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja mfadhili. La kwanza, kila shehena ya samaki hai inayotoka iandikwe aina na idadi, na nakala ibaki kwa kamati ya ufuo wa hapo, wajue mwamba wao umetoa nini. La pili, inapopangwa tengefu mpya, waitwe wavuvi wa dema, wa mshipi na wa kuzamia, na waitwe pia akina mama karanga, kwa sababu samaki wakipungua wao ndio wa kwanza kuiona karai tupu. La tatu, majina yaandikwe. Wako wazee wanaojua jina la kila samaki, maji anayoyapenda, iwapo ni bamvua au maji mafu, na majira yake katika kusi na kaskazi. Elimu hiyo haimo katika vitabu vya shule, na kila mwaka sehemu yake inazikwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa Watamu anayesoma darasa la nne ana haki ya kujua kikande ni nani, anakula nini, na mwamba unakuwaje akiisha. Akifundishwa hayo na babu yake na mwalimu wake pamoja, siku wachora ramani watakapokuja hatahitaji kuelezwa bahari yake na mgeni. Atakaa nao meza moja, awaonyeshe mahali pa kupitisha mstari.