Daftari la Mashujaa wa Katuni: Karani Anamwandikia Nani?

 

Katika toleo hili tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo, na wengine hawajapata kulisikia. Limeenea miongoni mwa wasomaji wa vitabu vya katuni huko Marekani na Uingereza, na kwa njia ya simu limeshawafikia vijana wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, pamoja na watoto wa ndugu zetu waliohamia London na Toronto. Kijana hufungua daftari tarehe mosi Januari. Kila amalizapo toleo moja la hadithi za mashujaa wa nguvu za ajabu, akina Superman, Batman, Spider-Man na wenzao, huandika tarehe, jina la mfululizo, namba ya toleo, mwandishi, mchoraji, na nyota alizolipa toleo hilo, kuanzia moja hadi tano. Desemba ikiisha anajumlisha. Amesoma 200. Amesoma 365. Mwingine amefika 1,000, naye ndiye anayeonewa wivu.

Wako ndugu zetu ambao jawabu lao huwa tayari kabla swali halijamalizika: choma moto. Hatukubaliani nao, na ni vyema tuanze na wao, kwani hoja mbovu ikitumiwa kuitetea haki huidhuru haki yenyewe.

Kuchoma kumeshajaribiwa, tena na wenye katuni zao. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi walikusanya vitabu vya katuni na kuviteketeza hadharani. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu chake Seduction of the Innocent, akidai kuwa katuni zinawasukuma watoto katika uhalifu, na mwaka huo huo kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikaketi kusikiliza ushahidi. Wachapishaji wakaingiwa na hofu, wakajitungia kanuni za udhibiti na muhuri wa kupiga katika jalada. Kilichofuata ni nini? Katuni za majambazi na za mizimwi ndizo zilizofifia. Mashujaa wa nguvu za ajabu walistawi chini ya muhuri ule ule, na Spider-Man mwenyewe alizaliwa mwaka 1962 muhuri ukiwa jaladani. Mwaka 2011 wachapishaji wa mwisho waliokuwa wakiutumia wakautupa.

Na liko baya zaidi ya hilo. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alichapisha aliyoyakuta alipoyapekua makabrasha ya Wertham, akaonyesha kuwa daktari yule aliyageuza na kuyapunguza maelezo ya watoto aliowatibu ili yaafikiane na madai yake. Alikuwa na hofu ya halali juu ya kile wanacholishwa watoto, akaiharibu kwa ushahidi usio na uaminifu. Basi mhubiri anayepanda mimbari akadai kuwa kila kijana asomaye katuni ni mwizi wa kesho, na dalili hana, na ajue kuwa ametanguliwa. Sisi ni umma wa isnadi. Haijuzu kwetu kumsingizia hata Superman.

Kwa hiyo hatukuja kutoa fatwa juu ya hadithi za kubuni. Masuala ya itikadi yaliyomo humo ni ya kweli na yanahitaji mzazi aliye macho: mathalan Thor, mungu wa kipagani wa watu wa kaskazini ya Ulaya, amefanywa na kampuni ya Marvel tangu mwaka 1962 kuwa shujaa wa kupendwa na watoto. Mwenye tauhidi imara halimpiti hilo bila ya kulitia alama. Lakini hilo limeshasemwa na wengi. Linalotushughulisha sisi leo ni daftari.

Daftari, kama chombo, si geni kwetu. Ni chetu. Sayyidna Umar (r.a.) aliwausia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, lakabu yake yenyewe imetokana na kuihesabu nafsi. Imam Ghazali, katika Ihya, alitenga kitabu kizima kwa jambo hili, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara: unawekeana naye sharti asubuhi, unamchunga mchana kutwa, na jioni unamtaka hesabu. Humo humo anamtaja Tawba bin Simma, aliyekuwa Raqqa, ambaye siku moja aliuhesabu umri wake akaukuta ni miaka 60, akazigeuza siku zikawa zaidi ya 21,000. Akapiga ukelele. Je, akutane na Mfalme wake na dhambi zaidi ya 21,000, iwapo kila siku ilikuwa na dhambi moja tu? Akaanguka, na ndio ukawa mwisho wake.

Tuwaweke sasa watu hawa wawili upande kwa upande. Yule wa Raqqa alihesabu akaogopa. Wetu anahesabu akafurahi. Wote wawili wana kalamu, wote wawili wana jumla mwishoni. Wanatofautiana katika lile wanaloiuliza jumla yao.

Hakuna mwenye duka Kariakoo angeendesha biashara kwa daftari kama la kijana wetu. Mwenye duka huandika mzigo ulioingia, na mkabala wake huandika fedha iliyotoka. Akiandika mzigo peke yake, mwaka mzima, na kila mzigo akaupa nyota, watoto wake wangemwonea huruma, kisha wangemnyang'anya ufunguo. Daftari la katuni lina upande mmoja tu, ule wa kilichoingia. Kilichotoka hakikuandikwa popote.

Basi sisi tuuandike upande wa pili. Tumchukue yule wa wastani, mwenye matoleo 365. Toleo moja lina kurasa kama 20 za hadithi. Tulipe robo saa. Robo saa mara 365 ni saa 91. Msomaji wa kawaida wa Qur'ani anayemaliza juzuu kwa dakika 40 huzimaliza juzuu zote 30 kwa saa 20. Saa 91, basi, ni khitma nne na nusu, na dakika kidogo za kuwaombea wazazi. (Tungeweza kupiga hesabu kwa kurasa, na tarakimu ingetoka kubwa ya kutisha, kwani kurasa 7,300 ni msahafu wa Madina wa kurasa 604 mara kumi na mbili. Lakini ukurasa wa picha si ukurasa wa msahafu, na hatutaki kufanya kama alivyofanya Wertham.) Hatusemi kuwa kila saa iliyokwenda katika katuni ingekwenda katika Qur'ani. Nafsi ina haki ya kupumzika. Tunasema tu kwamba kijana mwenye daftari hili amejinyima mwenyewe udhuru ambao vijana wote huutumia, ule wa "sina wakati". Wakati alikuwa nao, na ameuandika kwa hati yake, siku baada ya siku. Katika Suratul Israai Allah (s.w.) ametueleza kuwa mja ataambiwa akisome kitabu chake, na nafsi yake itatosha siku hiyo kuwa mhasibu juu yake. Sijui, ndugu zetu, kama yuko mtu aliyemrahisishia kazi mhasibu huyo kuliko huyu.

Upande wa fedha una jambo la peke yake. Katika muongo wa 2010 bei ya kawaida ya toleo moja ilikuwa dola 3.99, mara 365 ni zaidi ya dola 1,456. Vijana wetu wengi hawana fedha hizo. Wengine hulipa ada ya mwezi kwa maktaba ya simu, kama ile iliyofunguliwa na Marvel mwaka 2007, yenye makumi ya maelfu ya matoleo, na hivyo ndivyo mtu anavyoweza kufika 1,000 kwa mwaka. Wengine husoma nakala zilizopigwa picha na kusambazwa bila ya ridhaa ya wenyewe. Daftari lina safu ya mchoraji na safu ya nyota. Safu ya "nimekipataje" halina. Katika dini yetu safu hiyo ndiyo ingetangulia.

Sasa tuulize, karani huyu anamwandikia nani? Katuni hizi zimejengwa kwa namna ambayo toleo moja halitoshi. Hadithi hukatwa mahali pa mashaka ili mwezi ujao ununue tena. Kisha kuanzia miaka ya 1984 na 1985, kwa Secret Wars ya Marvel na Crisis on Infinite Earths ya DC, kila moja ya matoleo 12, kampuni zikajua faida ya tukio kubwa linalowakusanya mashujaa wote, ambalo baadaye lilizoeleka kutawanywa katika mifululizo mingi, hata asomaye wa Spider-Man alazimike kuwatafuta na wengine asiwahitaji. Msomaji wa namna hiyo bila shaka atahitaji daftari, maana bila ya daftari atapotea njia. Na daftari likishakuwepo, nafasi tupu humkera mwenyewe: namba 14 ipo, namba 16 ipo, iko wapi namba 15? Hata kama alishaichoka hadithi yenyewe tangu namba 9, ataitafuta. Kampuni ya Disney ilipoinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, ilinunua pamoja na michoro hiyo mazoea ya watu hawa. Kijana anadhani ana daftari lake. Tunaogopa kuwa amekuwa karani wa ghala la mtu mwingine, asiyelipwa mshahara, na anayelipa ada ili aruhusiwe kuingia kazini.

Laiti daftari lingekuwa na safu moja ya uadilifu! Superman, anayesifiwa kwa kuwatetea wanyonge, alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Kiyahudi wa familia za wahamiaji. Mwaka 1938 walimuuza kwa dola 130. Kampuni ilitajirika, wao waliishia katika dhiki, hata mwaka 1975, baada ya malalamiko ya hadharani, ndipo walipopangiwa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka. Hundi ile ya zamani, yenye dola hizo 130 pamoja na malipo mengine, jumla dola 412, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Siegel na Shuster lilikauka miaka 37. Kijana aliyesoma matoleo 100 ya Superman na hilo hakulijua, amesoma nini?

Tutaambiwa: lakini siku hizi wapo mashujaa wa Kiislamu. Ni kweli. Mwaka 2006 Naif Al-Mutawa wa Kuwait alianzisha The 99, mashujaa waliobuniwa kwa kufuata Asmaul Husna, na kazi hiyo ikazusha ubishi mkali baina ya Waislamu wenyewe. Mwaka 2013 Marvel ikamtoa Kamala Khan, msichana Mwislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistan. Mwaka uliofuata akapewa mfululizo wake, ukiandikwa na G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Msichana wa Kiislamu kuonyeshwa kuwa ni mtu mwenye wazazi, msikiti na haya, badala ya kuonyeshwa kuwa ni gaidi, ni jambo tunalolishukuru. Hata hivyo, katika daftari Kamala Khan huingia katika mstari wake baada ya Thor na kabla ya Batman, akapewa nyota nne. Mwenye daftari halazimiki kusema kama swala ya msichana yule ilimkumbusha ya kwake.

Na nyinyi wazazi, msicheke. Kijana wenu walau ana daftari. Baba anayekaa mbele ya mpira wa Uingereza Jumamosi na Jumapili, mwezi wa Agosti hadi Mei, ana hesabu gani ya kuonyesha? Tulimwona mtoto akikaripiwa kwa katuni zake na mtu ambaye hakuweza kutaja kitabu kimoja alichokisoma tangu Ramadhani iliyopita. Karipio kama hilo mtoto hulipima mara moja, na hujua uzito wake.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, gazeti lilikuwa chombo cha wageni. Hakukichoma. Alikitwaa akakipa kazi. Kwa kumfuata yeye, tunawaambia vijana wetu wasilitupe daftari. Waongeze safu nne: muda uliotumika, njia iliyopatikana, swala iliyocheleweshwa kama iko, na jambo moja lililobaki moyoni baada ya wiki. Pale ambapo safu ya mwisho itakuwa tupu mara kumi mfululizo, waache mfululizo huo, hata kama namba 15 haijapatikana. Na mkabala wa kila ukurasa waandike waliyoyasoma katika Qur'ani, sira na elimu ya shule, kwa kalamu ile ile.

Mwezi wa Muharram tutaweka darsa moja baada ya Isha kwa ajili ya madaftari haya. Kila kijana aje na lake kama lilivyo, bila ya kulifuta. Wazazi nao waje na yao. Kiberiti hatutakiruhusu mlangoni.