Si Kila Katuni ya Biblia Inamfaa Mtoto Wako

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi wametuuliza, kanisani na hata kliniki wakati wa kupima watoto uzito. Je, katuni za Biblia zinawafaa watoto wetu? Na kama zinafaa, tuchague zipi?

Wengi wetu tulilelewa na redio na hadithi za bibi. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, tulikuwa tayari tumejua kusoma. Leo mtoto wa miaka miwili anajua kufungua simu ya baba yake kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana mama Mkristo akiona katuni ya Nuhu au ya Daudi anashukuru, kwani ni afadhali hiyo kuliko mazimwi na bastola. Anamwekea mtoto, anarudi jikoni, moyo umetulia.

Hatuandiki haya kumlaumu mama huyo. Ametoka kazini au sokoni, maharage yako motoni na mdogo analia. Lakini jina la Biblia juu ya katuni halitoshi. Sisi wauguzi tunajua kwamba hata dawa nzuri ina kipimo chake na umri wake. Tusimpe mtoto tusichokijua.

Tuangalie kwanza hadithi yenyewe

Kila katuni huongeza na kupunguza. Chukua Superbook, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1981 kwa ushirikiano na shirika la Kikristo la Marekani liitwalo CBN, na kutolewa upya kuanzia mwaka 2011. Watoto wawili na roboti yao wanarudishwa nyakati za Biblia na kuyaona mambo yakitokea. Ni njia nzuri ya kumvuta mtoto, ila lazima mtu amwambie kwamba roboti hakuwepo kwa Musa wala kwa Eliya.

Au chukua filamu ya The Prince of Egypt ya mwaka 1998, inayosimulia habari za Musa. Watengenezaji wenyewe wanatangaza mwanzoni kwamba wamebadilisha mambo kadhaa, na wanamwelekeza mtazamaji kwenye kitabu cha Kutoka. Katika filamu, anayemwokota Musa mtoni ni mke wa Farao. Katika Kutoka sura ya 2 ni binti Farao. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: katika filamu Mmisri anakufa kama kwa bahati mbaya, lakini Biblia inaeleza kwamba Musa alihakikisha kwanza hakuna anayemwona, akamwua, kisha akauficha mwili mchangani. Biblia haifichi makosa ya watu wake wakubwa. Mungu alimwita mtu aliyekuwa ameua na kukimbia. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulielewa hilo, na litamfaa siku atakapokosea yeye mwenyewe.

Vivyo hivyo, ukiona katuni ya Yona inayoishia samaki anapomtapika ufukweni, ujue sura ya 4 imeachwa. Hapo ndipo Yona anapokasirika kwa sababu Mungu amewasamehe watu wa Ninawi. Na ukiona mamajusi watatu wakipiga magoti horini, msomee mtoto Mathayo sura ya 2. Idadi yao haikutajwa, nao walimkuta mtoto Yesu nyumbani. Watoto hupenda sana kuikosoa televisheni kwa Biblia. Wape nafasi hiyo.

Tabia njema peke yake haitoshi

Akina mama wengi husema, "Katuni ile inamfundisha mtoto asidanganye, agawane na wenzake, awatii wazazi." Ni vema, na hatukatai. Lakini tusikilize pia neno la mtu aliyeijua kazi hii kwa ndani. Phil Vischer, pamoja na Mike Nawrocki, walianzisha VeggieTales mwaka 1993, ile ya nyanya Bob na tango Larry. Waliiheshimu kazi yao hata wakajiwekea sharti kwamba Yesu asichorwe kamwe kama mboga. Hata hivyo mwaka 2011 Vischer alieleza katika mahojiano kwamba kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto kuwa na mwenendo wa Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe.

Neno hilo lilitugusa kwa sababu tumeliona wodini. Tumewahi kukaa kando ya kitanda cha mtoto aliyeuliza kwa sauti ndogo kama Mungu amemkasirikia, ndiyo maana anaumwa. Alikuwa amedanganya juu ya sukari, na kila hadithi aliyoijua iliisha kwa mtoto mwema kupewa zawadi na mtoto mbaya kupata shida. Akawa amepiga hesabu yake mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kusikia kwamba Mungu humpenda hata aliyekosea, kwamba Yesu aliwagusa wagonjwa, na kwamba ugonjwa wake si fimbo.

Basi katuni ikiisha, jiulize: mwanangu akikosea kesho, hadithi hii imemwachia mlango wa kurudi?

Tuangalie umri wake

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hashauriwi kukaa mbele ya televisheni wala simu. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Kipimo hicho hakibadiliki kwa sababu katuni ni ya dini. Mwongozo huo unasema pia kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana.

Tena Biblia ina mambo mazito. Goliathi alikatwa kichwa. Wazaliwa wa kwanza wa Misri walikufa. Yesu alisulubiwa. Mtoto mdogo bado hajaweza kutenganisha vizuri kilichochorwa na kilicho chumbani mwake. Ukiona ameanza tena kukojoa kitandani, anaamka usiku akilia, au hataki kwenda chooni peke yake, usimchape. Muulize alichokiona.

Sisi tunashauri hivi:

1. Chini ya miaka miwili, mwimbie na umsimulie. Sauti yako inamtosha.
2. Miaka miwili hadi minne, chagua hadithi fupi na za upole: uumbaji, kuzaliwa kwa Yesu, Yesu na watoto. Kaa naye.
3. Miaka mitano hadi saba, mnaweza kutazama Danieli au Daudi, lakini itazame wewe kwanza.
4. Kuanzia miaka minane, tazameni, kisha fungueni Biblia mlinganishe.

Na kwa umri wowote, zima kila kitu saa moja kabla ya kulala.

Tusiiachie simu ichague

Zamani kanda ya video ilifika mwisho ikasimama. Siku hizi katuni moja ikiisha simu huleta nyingine yenyewe, na si lazima iwe ya Nuhu. Mwaka 2017 magazeti ya nchi nyingi yaliandika juu ya video zilizowekwa YouTube kwa sura za katuni zinazopendwa na watoto, kumbe ndani mna ukatili na mambo machafu. Kwa hiyo zima ule mpangilio wa video kufuatana zenyewe. Bora zaidi, pakua mapema zile ulizozikagua, uzime data, ndipo umpe. Mweleze na dada anayekusaidia kazi za nyumbani, na baba watoto pia, maana sheria ya mama peke yake huvunjwa jioni ileile.

Tuangalie lugha nayo. Mtoto asiyejua Kiingereza huona picha tu, hasikii neno. Tafuta zilizotiwa sauti ya Kiswahili, au kaa umtafsirie. Na akiwaona mashujaa wote wa Biblia wana nywele za dhahabu, mwambie kwamba Yesu alikuwa Myahudi wa Mashariki ya Kati, na kwamba Misri alikokimbiliwa naye akiwa mchanga iko katika bara letu.

Mwisho, katuni isiyotaja Biblia si lazima iwe mbaya. Ubongo Kids, iliyoanzishwa hapa Tanzania mwaka 2014, inawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kipimeni kila kitu kwa yale yaliyoandikwa Wafilipi 4:8.

Mama mpenzi, Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawapa wazazi kazi ya kuwafundisha watoto nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Kazi hiyo haikukabidhiwa katuni. Katuni ni msaidizi tu, kama picha za flaneli tunazobandika shule ya Jumapili. Wiki hii chagua moja tu, itazameni pamoja na baba akiwepo, kisha mwambie mtoto awasimulie nyote. Katika masimulizi yake utajua alichokishika, alichokiogopa na alichokosea kukielewa. Anzia hapo.

Mungu akupe hekima katika malezi. Tukutane mwezi ujao.