Ukurasa Mmoja kwa Wiki



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda wiki hii, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulianza na wachache hulidumisha, nalo ni kuandika. Sikusudii kuandika kitabu. Nakusudia ukurasa mmoja kila wiki, wenye faida kwa watu wa nyumba yako, msikiti wako au mtaa wako, uwe umebandikwa ubaoni au umetumwa kwa simu.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Nilipokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti wetu, niliahidi mbele ya jamaa kwamba kila Ijumaa nitatoa waraka mfupi wenye mafunzo, habari za msikiti na historia yake kipande kwa kipande. Waraka wa kwanza ulikuwa na kurasa nne. Nilikesha nikiuandika, nikausahihisha na kuupamba kwa marejeo. Wa pili ulikuwa na kurasa tatu. Wa tano haukutoka. Kila Alhamisi nilijiambia kwamba wiki hii shughuli zimezidi, wiki ijayo nitaandika ulio bora zaidi.

Katika safu ya kwanza alikuwepo mzee mmoja, wa mwisho kati ya waliochimba msingi wa msikiti ule. Nyuma ya msikiti ipo minazi iliyowekwa wakfu, na katika waliokuwa hai ni yeye peke yake aliyehudhuria siku mwenye shamba alipotamka sharti la wakfu huo. Mara mbili, baada ya swala ya Alasiri, aliniambia: "Katibu mwanangu, njoo na kalamu yako nikusimulie habari ya ile minazi." Mara mbili nilimjibu: "Inshaallah mzee, nikipata nafasi." Ilikuwa Shaabani. Ikaingia Ramadhani na shughuli zake. Siku za mwanzo za Shawwal tulimswalia, Allah amrehemu.

Leo kamati inazo fedha za nazi na haijui pa kuzipeleka. Wapo wanaosema ni za mikeka na taa za msikiti. Wapo wanaosema wazee wao waliwaambia ni za mayatima. Aliyesoma fiqhi anaujua uzito wa jambo hili. Sharti la mwenye kuweka wakfu ni la kufuatwa, wala kamati haina ruhusa ya kuligeuza kwa kura. Fedha tumeziweka kando na tunaendelea kutafuta mashahidi. Kila kikao ajenda hiyo inaposomwa, mwenye kuandika muhtasari ni mimi, yule yule aliyeitwa mara mbili akaandike.

Dini yetu haikutuacha gizani katika hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na ndani yake tunakatazwa kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Na katika hadithi ya Bi Aisha (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Hadithi hii tumezoea kuitaja katika swala za usiku na funga za sunna. Mimi nilisahau kwamba kalamu nayo ni amali.

Wanavyuoni wetu walilijua hilo. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, sawa na 1201 Miladia, aliona jinsi fikra zinavyomjia mtu kisha zikamtoroka, akawa anazinasa kwa wino zinapopita. Humo ndimo kilimotoka kitabu chake Sayd al-Khatir, jina ambalo maana yake ni kuyawinda yapitayo moyoni. Karibu na kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwazungumzisha Waislamu wa pwani kwa Kiswahili juu ya elimu, mila na hali yao. Makala zake za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alikuwa mwalimu, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya; hakuwa mtu mwenye nafasi nyingi kuliko sisi.

Aliyenitibu maradhi yangu ni mke wangu. Siku moja nilipokuwa nikilalamikia uhaba wa muda, aliniambia: "Baba watoto, swala ya Alfajiri huikosi kwa sababu ina wakati wake. Waraka wako hauna wakati, ndiyo maana hauandikwi." Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumeafikiana kuwa Jumamosi, nikirudi kutoka Alfajiri, nusu saa ya kwanza ni ya kalamu, na simu hubaki chumbani. Baada ya hapo nusu saa imekwisha, na haki za nyumba zinachukua nafasi yake.

Mengine nimejifunza njiani. Kwanza, punguza kiwango hata uone haya. Kurasa nne ziliniua. Ukurasa mmoja umenihuisha. Pili, kusanya kabla ya siku ya kuandika. Mfukoni mwa kanzu yangu kuna kijidaftari, na kila swali ninaloulizwa barazani huingia humo, hata Jumamosi ikifika sianzi na karatasi tupu. Tatu, wiki ikikupita kwa msiba au maradhi, usijaribu kuandika mbili inayofuata. Waraka hauna kadha. Andika wa wiki uliyonayo. Nne, mpe mtu mmoja ruhusa ya kukuuliza. Mimi huulizwa na muadhini wetu kila Alhamisi, na kumkwepa mtu unayekutana naye mara tano kwa siku ni kazi ngumu.

Tano, na hili ni zito zaidi, mazoea ya kuandika yasiwe mazoea ya kusema lolote ili mradi ukurasa ujae. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari tunayoletewa. Ukikosa la uhakika, andika dogo unalolijua. Aibu ya jirani si habari, na siri ya nyumba yako si mafunzo. Wala usihesabu wangapi wamesoma, kwani hapo ndipo riyaa inapoingilia na hima kutokea.

Kwa mwaka wa pili sasa waraka wetu unatoka. Baadhi ni dhaifu, nakiri. Lakini kutokana na ule uliouliza habari za minazi, bibi mmoja kutoka kijiji jirani alileta ujumbe kwamba marehemu kaka yake naye alikuwepo siku ile, na huenda aliwasimulia wanawe. Kamati itawatembelea, inshaallah. Nami nitakwenda na kalamu.

Nyumbani kwetu, binti yetu wa miaka kumi na mmoja amekwisha anza daftari la pili la masimulizi ya bibi yake. Hakuambiwa na mtu. Aliona tu kwamba Jumamosi asubuhi katika nyumba hii watu huandika.

Ndugu msomaji, bila shaka nawe unaye mzee aliyewahi kukwambia, "Njoo nikusimulie." Usimjibu kama nilivyojibu mimi. Nenda wiki hii, hata kwa nusu saa.

Wabillahi tawfiq.